Kitenge Kilichoficha Ukuta

Kila asubuhi Alima anawasha mbabula, jiko lake la makaa, anapika uji, anamvalisha mtoto wake Imani soksi. Kisha, kabla ya kufungua mlango, ananyoosha kitenge alichotundika ukutani. Ni kitenge cha kijani chenye maua ya manjano. Mume wake Sumaili alimletea siku Imani alipozaliwa. Wageni wanakisifu, nao hawajui kwamba nyuma yake ukuta umekuwa mweusi.

Ni kuvu, ile inayoota penye unyevu. Ilianza na mvua za Novemba, doa dogo kama kifungo. Kufikia Januari ilikuwa imeshuka mpaka kitandani kwa Imani. Mtoto wa miaka mitatu akawa anakohoa, kifua kinapiga filimbi. Muuguzi alimpa dawa, akauliza kama nyumbani kuna unyevu. Alima akajibu hakuna. Alidanganya, masikini, huku amempakata mtoto wake.

Tusimlaumu haraka. Aliona haya. Watu wangesema ni mwanamke mchafu. Tena mwenye nyumba, Mama Mwenya, ni mjane anayekaa kwenye nyumba kubwa ya lupango hilohilo, ua mmoja na wao. Imani alipozaliwa, yeye ndiye aliyemwogesha siku za kwanza. Alima aliogopa kumuudhi, na aliogopa kuambiwa ahame. Basi kitenge kikabaki ukutani, na mtoto akabaki anakohoa.

Siku moja jirani yao Mwape, fundi wa kujenga, alikuja kurudisha nyundo ya Sumaili. Imani akashikwa na kikohozi kikali, akajishikilia kwenye kitenge, kikaanguka. Alima aliinama kukiokota upesi, lakini Mwape alikuwa ameshaona.

Hakucheka. Aligusa ukuta juu, akagusa na chini.

“Mama Imani, hii haiko buchafu yako,” alisema. “Huku juu maji inaingilia pa tole, pale pa mabati ya paa, misumari imelegea. Ile iko kazi ya mwenye nyumba. Lakini huku chini iko mvuke. Unapikiaka wapi?”

Alima akaonyesha pale pale ndani. Mvua ikinyesha alifunga dirisha, akapika chumbani, na nguo mbichi akazianika juu ya kitanda. Mwape akamweleza taratibu. Mvuke wa sufuria na unyevu wa nguo hukimbilia ukuta wa baridi, na kuvu inapata chakula. Halafu makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanaweza kuua watu. Kupikia nje chini ya paa, kufungua dirisha kila siku, kusogeza kitanda mbali na ukuta: hiyo ni kazi ya mpangaji. Na kazi yake nyingine ni kusema mapema, doa likiwa bado dogo.

“Nikisema, atanifukuza,” Alima alinong'ona.

“Na kama hausemi, atajua namna gani?”

Sumaili aliporudi kutoka kazini, walimwandikia mwenye nyumba barua fupi yenye tarehe, wakabaki na nakala, wakapiga na picha ya ukuta. Alima alimbeba Imani mgongoni kwa kitenge kilekile, akaenda mwenyewe.

Mama Mwenya alisoma barua mpaka mwisho. Alisimama, akafungua mlango wa chumba chake. Chini kulikuwa na mabeseni matatu yaliyojaa maji ya mvua.

“Na mimi nilikuwa na haya, mwanangu,” alisema. “Tangu muzee wangu alikufa, sijue nani atapanda pale juu. Kila mara naona kitenge yako pa ukuta, najisemea, kwa Alima hamuna shida. Juu ya nini haukuniambia? Huyu mutoto nilimuogesha na mikono yangu.”

Alima akalia. Mama Mwenya naye akalia, halafu akamtuma mtu amwite Mwape.

Wiki hiyo Mwape alibadilisha misumari na mabati mawili kwenye mapaa ya nyumba zote mbili. Imani alipelekwa kucheza kwa Mama Mwenya. Wazazi wake walifungua dirisha, wakafunga kitambaa puani na mdomoni, wakasugua ukuta kwa maji ya sabuni. Sumaili alitaka kupaka rangi siku ileile. Mwape akamkataza: rangi juu ya unyevu ni kitenge kingine tu. Wakangoja ukuta ukauke kabisa. Alima alirudi kwa muuguzi pia, akamwambia ukweli.

Idi ilipofika, Alima alikuwa amekata kitenge katikati na kushona blauzi mbili, moja yake, moja ya Mama Mwenya. Doa moja la kuvu lilikuwa limekataa kutoka kwenye kitambaa. Alilikunja ndani ya pindo la blauzi yake. Wanawake wale wawili wakakaa kila mmoja mlangoni kwake, na Imani akakimbia kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, akarudi, akaenda tena, na hakukohoa hata mara moja.