Neno Alilotumwa Kiden

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kuchota maji kwenye pampu na kufagia uwanja, Kiden alifuatana na baba yake hadi kituo cha afya kilicho kando ya barabara ya kwenda Abuku. Baba yake, Moris, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Koboko. Siku za shule alifundisha hesabu. Jumamosi alitunza kompyuta ya kituo.

Kompyuta hiyo ilikuwa sanduku jeusi lililowekwa kwenye chumba cha dawa, nayo iliitwa seva. Ndani yake mlikuwa na majina ya wagonjwa wote wa kifua kikuu wa eneo lile. Siku ya mgonjwa kuchukua dawa ilipokaribia, seva ilimtumia ujumbe kwa simu. Asipofika, jina lake liligeuka jekundu, na Sista Afisa, muuguzi mkuu, alipanda bodaboda kwenda kumtafuta. Zamani kituo kilitumia kadi za karatasi, lakini mchwa walizila kabati zima.

"Baba, mfumo unaoendesha seva hii ulinunuliwa wapi?" Kiden aliuliza siku moja.

"Haukununuliwa. Unaitwa Linux. Walioutengeneza waliacha wazi namna ulivyoandikwa, ili yeyote ausome, aurekebishe na kumpa mwenzake. Kompyuta nyingi zinazokuletea picha na ujumbe kwenye simu zinaendeshwa na mifumo ya ukoo huu huu."

"Kama ni wa bure, nani anautunza?"

"Watu wengi, kila mmoja kipande chake. Wakichoka wote siku moja, mfumo utakufa," alijibu Moris huku akipangusa vumbi kwenye feni ya mashine. "Mimi hapa natunza kipande changu."

Mwezi wa nne, bodaboda aliyopanda Moris iligongwa na lori karibu na Arua. Alipelekwa hospitali akiwa amevunjika mbavu na mguu. Kiden na mama yake, Pasca, walisafiri kwenda kumwona, wakalala kwa shangazi aliyeishi mtaa wa Mvara. Jumapili, kabla Kiden hajarudi Koboko kwa ajili ya shule, baba yake alimwita karibu na kitanda. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Kiden, nakutuma. Nimeifunga seva kwa neno la siri, kwa sababu maradhi ya watu si ya kusomwa na kila mtu. Umeme ukikatika na betri ikiisha, mashine haitafunguka mpaka ipewe neno hilo. Nilipaswa kumpa Sista Afisa zamani. Kila wiki nilisema wiki ijayo." Akamnong'oneza neno. Akamtaka alirudie, herufi kwa herufi. "Mpelekee Sista kesho. Yeye peke yake."

"Ndiyo, baba."

Jumatatu, baada ya masomo, Kiden aliukaribia mlango wa kituo. Foleni ya wagonjwa ilikuwa ndefu, na wenzake walikuwa wakimwita kwenye netiboli. Sista ana kazi, aliwaza, nitakuja kesho. Siku iliyofuata, kabla ya kengele ya mchana, mjomba wake alikuja kumchukua darasani. Moris alikuwa amefariki.

Siku za kilio zilipita kama moshi. Watu walikuja na kuondoka, mama yake alikaa kwenye mkeka bila kula, na Kiden alibeba maji na kuosha vyombo. Neno lile alilikumbuka kila usiku. Lilikuwa kitu cha mwisho alichopewa na baba yake, na alikuwa hajakifikisha. Kadiri siku zilivyozidi, ndivyo aliona aibu zaidi ya kwenda kulisema. Angeulizwa: ulikuwa wapi siku zote hizo?

Mwezi wa sita radi ilipiga nguzo ya umeme, Koboko ikakaa gizani siku kadhaa. Betri ya kituo iliisha nguvu. Umeme uliporudi, seva iliwaka, ikaandika mstari mmoja wa kudai neno la siri, ikanyamaza.

Sista Afisa alikuja nyumbani kwa akina Kiden akiwa amechoka, mtandio wake umejaa vumbi.

"Pasca, dada yangu, nisamehe kukusumbua ukiwa kwenye msiba. Moris hakuacha neno la kufungulia mashine?"

"Hakuniambia kitu, Sista. Wala kwenye vitu vyake sikuona."

Sista alimgeukia Kiden. "Na wewe, binti yangu? Ulikuwa unakuja naye kila Jumamosi."

Kiden alitikisa kichwa. "Hapana, Sista. Sijui."

Wiki iliyofuata Sista alimwita fundi kutoka Awindiri, Arua. Alikuwa mwanamke mrefu aitwaye Driciru, aliyewahi kufanya kazi na Moris. Kiden alisimama dirishani akisikiliza. Driciru alijaribu hili na lile, mwishowe akarudisha kibodi mezani.

"Naweza kufuta kila kitu na kuanza upya," alisema, "lakini majina yatapotea. Hata nakala ya akiba ameifunga kwa neno hilo hilo. Moris alifanya kazi yake vizuri mno. Kosa ni kwamba alikuwa peke yake."

"Usifute," alisema Sista. "Tungoje. Labda litapatikana."

Wauguzi walianza tena kuandika kwenye karatasi, lakini waliandika wale tu waliofika. Wasiofika hakuna aliyewajua wote. Ujumbe haukwenda kwa mtu yeyote. Sista alizunguka kwa bodaboda akiwafuata aliowakumbuka kwa kichwa, akirudi jioni macho mekundu.

Darasani, Kiden alikaa dawati moja na Yengi, mvulana aliyekuja kutoka Sudan Kusini na familia yake. Walipanga nyumba Abuku pamoja na babu yake, Mzee Celestino. Mzee huyo alikuwa akitibiwa kifua kikuu. Siku moja Kiden alipomsindikiza Yengi, alimkuta mzee ameketi juani akichonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, babu. Dawa unaendelea nazo?"

"Dawa imeisha. Simu haikuita, basi mimi nasema kazi imeisha," alijibu Mzee Celestino akicheka. "Kifua iko sawa sasa. Ona, mimi nafanya kazi."

Kiden alijua kwamba kazi haikuwa imeisha. Baba yake alikuwa amemweleza mara nyingi kuwa dawa hizo hunywewa miezi mingi, na anayeziacha kwa kuwa amepata nafuu hurudiwa na ugonjwa ukiwa na nguvu zaidi. Alifungua mdomo kusema. Kisha aliwaza kwamba akilitaja hilo atafika kwenye mambo ya seva, na akilifikia hilo atafika kwenye neno. Aliaga akaondoka.

Mvua za mwezi wa nane zilipoanza, Yengi hakuonekana shuleni. Aliporudi, alikuwa amenyolewa nywele. Mwalimu aliwaambia wanafunzi wasimame kimya kumkumbuka babu yake. Mzee Celestino alikuwa amekohoa damu, akabebwa hadi kituoni, na hapo ndipo Sista Afisa alipojua kuwa alikuwa ameacha dawa tangu mwezi wa sita. Hakumaliza wiki.

Jioni hiyo Pasca alikuwa akimenya mihogo nyuma ya nyumba. Kiden alikaa chini mbele yake.

"Mama, mimi nalijua neno. Baba alinituma kwa Sista. Sikwenda."

Pasca aliacha kumenya. Machozi yakamtoka. Kiden alingojea kofi. Badala yake mama yake alinawa mikono, akajifunga leso, akasema, "Simama. Twende."

Kituoni, Sista Afisa alisikiliza akiwa amesimama. Alipoelewa, uso wake ulibadilika.

"Nilikuuliza, Kiden! Nilikuja mpaka kwenu nikakuuliza!" Aliupiga mlango wa kabati kwa kiganja. Wagonjwa barazani waligeuka. Kisha alivuta pumzi. "Njoo. Liandike."

Kiden aliketi mbele ya kibodi. Mara ya kwanza mashine ilikataa. Alifumba macho, akaisikia tena ile sauti nyembamba ikimtajia herufi kwa herufi, akaandika upya. Kioo kikajaa mistari. Kisha majina yakatokea, ukurasa baada ya ukurasa, na mengi yalikuwa mekundu.

Jina la Mzee Celestino lilikuwa miongoni mwa yale mekundu.

"Sista," Kiden aliuliza kwa shida, "ningesema mapema, babu angepona?"

"Sijui," alijibu Sista Afisa. "Alikuwa mzee, na mwili wake ulikuwa dhaifu. Lakini ningemfuata. Hilo nalijua, na siwezi kukuficha."

Kuanzia kesho yake wauguzi waligawana majina, wakaenda nyumba kwa nyumba. Wengi walipatikana wakiwa hai, baadhi wamekonda. Walianzishiwa dawa upya, na waliozidiwa walipelekwa Arua. Wawili walikuwa wamevuka mpaka, na hakuna aliyejua walipo.

Driciru alirudi kutoka Awindiri. Safari hii alimwita Kiden akae kando yake, pamoja na Sista na karani wa kituo.

"Toleo hili la Linux ni kuukuu," alieleza. "Kampuni iliyokuwa ikililea ilitangaza kwamba inaliacha. Watu wengi duniani walilitegemea katika mahospitali, mashule na mabenki, wakaingiwa na hofu. Lakini kila kilichomo kilikuwa wazi. Basi wengine wakachukua kilichoachwa, wakakipa jina jipya, wakaendelea. Leo tunahamia huko."

"Kwa hiyo halikufa?" aliuliza karani.

"Lingekuwa limefichwa kwa mtu mmoja, lingekufa naye. Siri za wagonjwa tutazifunga, hiyo ni haki yao. Lakini kazi ya kutunza mashine lazima ijulikane na zaidi ya mtu mmoja. Sista na karani watalijua neno jipya. Na wewe, Kiden, utajifunza kutunza mashine bila neno. Neno utapewa ukikua, wakikuona unafaa."

Kiden aliinamisha kichwa. Aliona kwamba hukumu hiyo ilikuwa ya haki.

Lilibaki jambo moja. Jumamosi hiyo Sista Afisa alimpeleka Abuku. Santa, mama yake Yengi, alikuwa akianua nguo za msiba kwenye kamba. Yengi alikuwa ameketi mlangoni. Kiden alisema yote, tangu kitanda cha hospitali hadi siku ile aliyomkuta mzee akichonga mpini. Hakutaja foleni wala netiboli kama sababu. Alisema tu kwamba alitumwa na hakwenda, na kwamba aliulizwa akadanganya.

Yengi aliinuka akaingia ndani bila kumtazama.

Santa alikunja nguo moja, akaikunja tena. "Hata mimi nilimwona baba akiacha dawa," alisema mwishowe. "Nilijua bado hajazimaliza. Nikaogopa kugombana naye, nikanyamaza. Moris naye alikaa na neno lake, akisema wiki ijayo. Tulikuwa watu wazima, na tulikosea kabla yako. Lakini wewe uliulizwa, mtoto wangu, ukasema hujui. Hilo ni lako, na utatembea nalo."

"Ndiyo, mama," alisema Kiden akilia.

"Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Nami naongeza: anayeficha dawa ya mwenzake, kilio humfichua yeye pia. Ukijua jambo ambalo mwingine anahitaji kulijua ili aishi, si mali yako tena. Mpelekee siku hiyo hiyo. Ukichelewa, peleka hata kama umechelewa, kwa sababu kuna mwingine nyuma anayelingojea. Leo nasikia wengi wamepatikana. Hao wamepatikana kwa sababu ulisema. Yule mmoja huwezi kumrudisha."

Aliweka nguo kwenye beseni, akamgeukia Sista. "Sasa utupime kifua kikuu sote wa nyumba hii, mimi kwanza. Yengi! Toka nje, mwanangu. Sista amekuja kutupima."

Yengi alitoka. Alipita mbele ya Kiden, akaketi kwenye benchi karibu na mama yake, akakunja mkono wa shati.