Sale Halikataliwi

Priska alikuwa ameinamia tenga la maparachichi pale soko la Mbuyuni, akibonyeza moja baada ya jingine, aliposikia mtu nyuma yake akiuliza bei ya machungwa. Hakuhitaji kugeuka. Sauti ile angeitambua hata kwenye kelele za arusi.

Akageuka hata hivyo. Shedrack alikuwa amesimama katikati ya watu wa soko, amekonda, ngozi imeungua kwa jua, miguuni kavaa makatambuga yaliyolika upande. Mwilini alikuwa na shati la kitenge cha bluu lenye picha ya Mashahidi wa Uganda kifuani. Shati lile Priska alilijua kila mshono, maana alilishona mwenyewe kwa cherehani yake ya Majengo. Na mwanamume huyu, baada ya yote aliyoyafanya, alikuwa anatabasamu.

"Priska. Mpenzi."

"Mpenzi wa nani?"

Parachichi likapasuka mkononi mwake.

"Dada, hilo umeshanunua," alisema muuzaji.

"Nimerudi juzi," Shedrack alisema. "Nilikuwa nakuja kwako, ila nilitaka kwanza..."

"Kwanza ununue machungwa!"

"Nisikilize kidogo tu. Hija imenisaidia, Priska. Sasa hivi nalala. Nimepata amani."

Kama kuna neno ambalo hakupaswa kulitamka mbele ya mwanamke huyu siku ile, ni hilo. Damu ilimpanda Priska mpaka masikioni.

"Umepata amani? Hongera! Na ile aibu ulimwachia nani? Mama yangu amepika, wazee wamekaa, mimi nimevaa gauni jipya nimekaa kitandani kama mzigo unaosubiri gari, wewe uko barabarani unatafuta amani! Mlutheri mzima wa Marangu, rozari umeijulia wapi?"

Watu waligeuka. Mama mmoja wa nyanya akaacha kupanga mafungu yake ili asipitwe. Priska akalipia parachichi lililopasuka, akaondoka akiwa bado na mafuta yake kwenye vidole, na alilia tu alipofika kibandani kwake na kufunga mlango.

Ukweli ni kwamba alikuwa na haki ya kukasirika. Shedrack alikuwa muongoza wageni mlimani, kijana mcheshi aliyeleta koti lililochanika ili lishonwe, na akaendelea kuleta nguo nzima alizozichana mwenyewe mpaka Priska akamwambia, "Sema unachotaka, utabaki uchi." Wakapendana. Halafu mwezi wa pili Filemon, mpagazi na rafiki yake wa tangu utotoni, akazidiwa na hewa ya juu. Shedrack alimbeba mgongoni kumshusha, na Filemon akakata roho kabla hawajafika getini.

Tangu siku hiyo Shedrack hakulala. Filemon alikuwa Mkatoliki, mtu wa Kilema kama Priska, na alikuwa ameweka nadhiri ya kwenda hija Namugongo, Uganda, kwa miguu na wanaparokia wenzake. Priska ndiye aliyeshona mashati ya msafara, na la Filemon lilikuwa limekwisha. Shedrack aliliomba, Priska akampa huku machozi yanamtoka, akidhani ni la kumbukumbu. Hakujua kwamba mtu atalivaa.

Msafara ule, na Shedrack ndani yake, uliondoka Jumamosi ya mwanzo wa Mei. Ndiyo Jumamosi ambayo wazee wa Shedrack walikuwa walete posa Kilema. Kwa kina Priska alichinjwa mbuzi, mama yake, Mama Mektrida, akapika mtori na kitawa tangu alfajiri. Mbege, pombe ya ndizi, kwa desturi ingeletwa na upande wa mume. Wazee wa ukoo walikaa kwenye viti vya kuazima, koo zimekauka, mvua ya masika ikaja ikapita, na hakuna aliyetokea. Siku ya tatu yake zikaja habari kwamba mbege ya posa ilinywewa na majirani huko Marangu, kwa sababu mbege haiwekwi, ikilala sana inachacha. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Kuna watu walikunywa posa yake wakafuta midomo wakaenda kulala!

Shedrack alimpigia mara moja tu, jioni ileile ya posa, kwa namba ya mtu. Priska alimrushia maneno ya kwanza yaliyomjia mdomoni, akakata, akaifunga ile namba na namba zake zote mbili. Kisha akakaa mwezi na zaidi akimlaani kwa kunyamaza.

Jumapili iliyofuata baada ya kukutana sokoni, Priska alipanda kwao Kilema. Alikuta mgeni uani. Alikuwa Mzee Eliaichi, baba mdogo wa Shedrack, amevaa koti la suti na mabuti ya mvua, na mkononi ameshika jani la sale lililofungwa fundo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," mzee alijibu bila kumtazama usoni.

Kila mtu wa mlimani anajua maana ya jani lile. Sale ndilo linalopandwa mipakani na juu ya makaburi, na mtu akiletewa sale lenye fundo ameombwa radhi, na akishaombwa hivyo hana ruhusa ya kukataa. Baba yake Priska alikuwa ameshanyoosha mkono. Alilipokea, akaliweka mapajani, akasema kwa sauti ya kuchoka, "Yamekwisha. Mje Jumapili ijayo."

"Yamekwisha kwa nani?" Priska aliuliza.

"Priska!" Mama Mektrida alisema toka jikoni.

"Hapana, mama. Baba, limeletwa kwako au kwangu? Aliyekaa chumbani siku nzima akichungulia dirishani ni mimi. Aliyechekwa Majengo na Pasua ni mimi. Wateja wanakuja kupima nguo wananiuliza, 'Arusi lini, fundi?' Halafu jani linapita juu ya kichwa changu, mnaniambia yamekwisha!"

"Mae!" mama yake alishika kiuno. "Unakataa sale?"

Priska alitoka akashuka mpaka kwenye migomba, akatoa simu, akaifungua namba ya Shedrack aliyoifunga, akapiga.

"Priska?" Shedrack alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Wewe ni mjanja sana."

"Nimefanya nini tena?"

"Umeleta sale. Umenifunga mdomo kwa jani! Unajua huwezi kukataliwa, ndiyo maana umelileta. Umetembea mpaka Uganda ukatoa yako yote moyoni, mimi yangu niyameze tu kwa sababu mila imesema?"

Akasikia Shedrack anavuta kiti, anakaa.

"Una haki," Shedrack alisema. "Sikufikiria hivyo."

"Hukufikiria! Hiyo ndiyo kawaida yako."

"Basi niambie unataka nini, mama. Chochote."

"Nataka kukasirika mpaka nimalize. Uliwasikiliza watu wa rozari mwezi mzima, na mimi utanisikiliza. Jumamosi, toka Pofo mpaka hapa nyumbani, kwa miguu, na ubebe mbege uliyotunyima. Nitasema, na wewe hutajibu mpaka nikuulize."

"Hija ya kuja kugombezwa?"

"Usinichekeshe, Shedrack. Sijakusamehe."

"Sawa, bosi."

Jumamosi asubuhi walikutana njia panda ya Pofo, pale njia ya Kilema inapoiacha lami ya kwenda Himo. Priska alivaa lile gauni la posa, la kitenge cha kijani lenye mikono ya puto, makusudi kabisa, na raba miguuni. Shedrack alikuwa na dumu la mbege mgongoni, limefungwa kwa kamba za mizigo ya mlimani. Lilikuwa linatoa povu kwenye kifuniko na kumchafua shingo.

"Umependeza," alisema.

"Nilipendeza hivihivi tangu Mei. Twende."

Wakaanza kupanda. Priska alisema. Alisema juu ya mbuzi, juu ya viti vya kuazima, juu ya shangazi yake aliyemwambia mwanamke wa cherehani asitegemee mwanamume wa mlimani. Alisema juu ya mashati ya hija, namna alivyoyashona yote usiku na mchana kumbe anamshonea mtu nguo ya kumkimbilia. Waliopishana nao njiani wakiteremka na mikungu ya ndizi walisalimia na kupita haraka. Shedrack alipanda kwa mwendo wake wa kazini, polepole, akisubiri kila Priska aliposimama kupumua, na utulivu ule ulimkera Priska kuliko matusi.

"Haya, jibu hili moja! Siku ile mlipita wapi?"

"Pale tulipokutana leo."

"Pofo?"

"Tulipita Pofo tukienda mpakani Holili. Nilitazama juu huku. Nilijua mama amewasha moto."

Priska akasimama katikati ya njia.

"Ulipita chini ya nyumba yetu. Siku ya posa. Ukatazama, ukaenda."

"Ndiyo."

"Ungepanda ukaniambia, Shedrack! Ungeniambia hata kwa dakika moja!"

"Ungenizuia."

"Ningekuzuia, ndiyo!"

"Na ungekuwa na haki. Ndiyo maana niliogopa. Nilikuwa sijalala tangu Filemon, Priska. Nikifumba macho namsikia anapumua mgongoni. Usiku wa kuamkia posa nilikaa nikajiona ninavyokuja kuwa mume wako, mtu anayekaa kwenye kiti usiku kucha. Alfajiri nikavaa shati lake nikaenda kumtimizia nadhiri yake. Nilikukosea. Sisemi kwamba sikukukosea."

Priska alitaka kumpiga. Alitaka pia kumfuta lile povu shingoni. Alichagua hasira, kwa sababu ndiyo aliyokuwa ameizoea.

"Na kwa nini hukupiga tena? Simu moja tu, basi! Mwezi mzima!"

Shedrack akashusha dumu, akaliegemeza kwenye ukingo wa mfereji wa maji. Kwa mara ya kwanza tangu sokoni tabasamu lilikuwa limemtoka.

"Umesahau ulichoniambia?"

"Nilikuwa na hasira."

"Ulisema, 'Ndiyo maana Filemon alikufia mikononi, wewe kazi yako ni kuacha watu.' Halafu ukakata."

Maji ya mfereji yalikuwa yanapita. Priska alikumbuka. Alikumbuka hata mahali alipokuwa amesimama alipoyasema, na namna yalivyompa raha kwa kitambo kidogo.

"Hayo ndiyo niliyotembea nayo," Shedrack alisema. "Wenzangu walisali rozari, mimi nilikuwa narudia hayo. Nilifika Nairobi nayaamini. Kisumu nayaamini. Kulikuwa na bibi mmoja kwenye msafara, magoti yamemvimba, tukawa tunapokezana kumbeba. Siku moja akalala mgongoni mwangu, anakoroma. Nikamsikiliza anavyopumua mpaka tukavuka kijiji kizima, na hakufa. Jioni hiyo nikalala. Hakuna muujiza mwingine, Priska. Sikuona Mashahidi. Nilichoka mpaka nikalala, na nilipoamka nikajua kwamba Filemon sikumwacha. Nilimbeba mpaka mwisho."

Priska alikaa chini kwenye majani, na gauni lake la posa, na akalia kwa sauti. Hakujali wapita njia. Shedrack alikaa naye, hakumshika.

"Nilijua hukumwacha," alisema alipoweza kusema. "Nilijua kabisa wakati nasema. Nilitaka uumie."

"Niliumia."

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua. Una haki ya kubaki nayo."

Wakainuka, wakaendelea kupanda. Ajabu yake, miguu ya Priska ilikuwa mizito lakini kifua kilikuwa chepesi, na hakupenda kukiri hilo, hasa mbele ya huyu. Walipofika kwenye uzio wa nyumbani, Mama Mektrida alikuwa ametoka nje na mwiko mkononi, baba nyuma yake, wote wawili wanaogopa kuuliza.

"Shikamooni," Shedrack alisema, bado ameinama kwa uzito wa dumu.

Priska hakuingia. Aligeukia uzio wenyewe, uliopandwa masale tangu enzi za babu, akavunja jani moja. Vidole vya fundi, lakini fundo lilimshinda mara mbili ndipo likakubali. Akalinyoosha mbele ya Shedrack kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa.

"La ile simu," alisema. "La Filemon."

Shedrack alilitazama jani, na machozi yakamtoka, mwanamume aliyevuka nchi mbili bila kulia.

"Priska, si lazima..."

"Pokea. Sale halikataliwi. Sasa na wewe uone inavyokuwa."

Akalipokea, akaliweka kwenye mfuko wa lile shati la bluu. Mama Mektrida akajifuta macho kwa kanga.

"Na langu?" Shedrack aliuliza kwa sauti ndogo. "Lile alilopokea baba?"

"Baba amekusamehe kwa siku moja. Mimi nitakusamehe polepole, mpaka uzeeni. Utavumilia?"

"Nitavumilia."

"Basi kesho waje wazee wako, na wewe uje mbele yao, nikuone kwa macho." Akamshika mkono, akamvuta ndani ya uzio. "Sasa tua hilo dumu, mbege isije ikachacha."