Mwisho Niliomtungia Janeti

Nina miaka arobaini na saba, ninauza mafuta ya mawese hapa Hombo. Watu hunisifu kwamba ninajua kusimulia. Ndugu zangu, msinipigie makofi. Mdomo huu huu njo ulimponza rafiki yangu!

Wakati ule tulikaa Kirolirwe, kule Masisi kwenye ng'ombe. Nilikuwa nimefika mwaka wa nne wa sekondari, basi kati ya wanawake wa mtaa wetu ni mimi tu niliyesoma Kifaransa bila kukwama. Kulikuwa na roman moja, kitabu cha hadithi ndefu, iliyopendwa sana, hata Goma wasichana walikuwa wanapeana kwa zamu. Ilinifikia imechakaa, haina jalada. Kila mchana wanawake walikuja kwangu na maharage yao. Mimi nilisoma, nikigeuza kwa Kiswahili. Wao waliambua yao, na yangu pia.

Ilikuwa hadithi ya Solanje, ambaye mume wake alikwenda mbali kujenga reli, asirudi. Mama mkwe anamtukana, tajiri mmoja anamtamani... Tulilia sisi! Aliyelia kuliko wote alikuwa jirani yangu Janeti. Mume wake, Deo, alikuwa amekwenda Walikale kuchimba madini, na habari zake zilikuwa chache.

Siku moja nikafunua ukurasa... hakuna kitu! Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa. Pengine muntu alisokotea tumbaku. Wanawake wote wananitazama mdomoni. Ningesema nini? Aibu ilinishika, na kusema ukweli sikutaka kurudia kuambua maharage yangu peke yangu. Basi nikakaza macho kwenye karatasi ile ile, nikatunga. Nikasema Solanje alikataa kutoka nyumbani. Mafuriko yakaja, majirani wakakimbia, yeye akabaki. Asubuhi moja mlango ukasukumwa... mume wake!

Janeti alipiga vigelegele. Wiki ile ile alimwandikia Deo barua, akampa mfanyabiashara aliyekuwa anaelekea Walikale.

Kisha vita ikatufikia. Asubuhi moja risasi zililia kilimani, watu wakaanza kushuka kuelekea Sake na magodoro kichwani. Nilipita kwa Janeti. Nilimkuta anafagia uwanja. Anafagia!

"Janeti, tukimbie!"

"Miye sitatoka, dada. Solanje alitoka? Deo akirudia akute nyumba iko tupu, atanitafuta wapi?"

Wasomaji, neno moja tu lingetosha: "Nilitunga." Lilifika hapa kooni... na nikaona aibu! Risasi zinalia, na mimi ninalinda sifa yangu ya kusoma! Nilimwambia ajifiche kwenye migomba, nikajitwika mzigo wangu, nikaenda.

Tulikuwa Shasha, tumelala katika madarasa ya shule, wakati jirani mmoja aliyekuwa amerudi kuangalia shamba lake alipotuletea habari. Nyumba ilichomwa. Janeti walimzika nyuma ya jiko, pale pale kwenye maharage yake. Tangu siku hiyo, nikisikia ufagio asubuhi, ninaacha kazi na kukaa chini.

Miaka ikapita, biashara ikanileta Hombo. Siku moja ya soko dereva akatoka Bukavu na diski. Filamu ya televisheni, imetolewa katika roman ile ile! Papa Kasereka, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka na jenereta, akaiweka mchana kwa wateja wake. Nilikaa mbele kabisa. Niliomba, jamani. Nilisema, Mungu wangu, Solanje angoje. Kama mwisho wangu njo ulikuwa wa kweli, labda mimi pia ningepata usingizi.

Ole wangu! Filamu yenyewe ilikuwa ya hovyo. Mume ana masharubu ya kubandika, Solanje analia macho makavu, mvua inanyesha upande mmoja tu wa nyumba. Watu walicheka. Na mwisho... Solanje anapanga nguo ndani ya valizi, anapanda treni, anakwenda kwa dada yake. Hakungoja hata siku moja!

"Njo mwisho hii? Bametupotezea wakati!" mama mmoja akapiga kelele.

Niligeuka nitoke. Nyuma yangu alisimama Deo. Alikuwa amezeeka, vidole viwili havipo; kifo cha mke wake alikuwa amekisikia zamani. Mkononi alishika barua ya Janeti ndani ya sasheti ya plastiki.

"Dada," akaniambia, "aliniandikia eti atanigojea sawa Solanje. Nilikuja kuona vile Solanje alingojea. Mbona mu filme haiko?"

Mungu alinipa nafasi ya pili, wasomaji wangu! Nami nikajibu nini? Nikasema, "Kaka Deo, unajua, sinema inaharibu vitabu."

"Nilijua," akasema, na uso wake ukalegea. "Basi uniambie ya kitabu."

Nikamwambia... Yote! Mafuriko, majirani, mlango kusukumwa. Alilia, akanishika mikono miwili. "Aksanti, dada. Basi Janeti hakubakia bure."

Sasa kila siku ya soko anapita kwenye meza yangu. Anakaa juu ya bidoni tupu ya mafuta, anasema, uniambie tena. Ninamwambia tena. Mara ngapi? Sijui. Na kila nikifika kwenye mlango, ninasikia ufagio wa Janeti.

Ninyi mnaosomea wengine, ao mnaobeba habari za watu, nawasihi: ukurasa usiokuwepo, semeni haupo. Aibu ya mchana mmoja ingeisha na maharage yale. Mimi niliikimbia, na tazameni iliponifikisha.

Deo hajui kusoma. Hata barua ya mke wake alisomewa na wenzake kule machimboni, na haya pia kuna muntu atamsomea. Wewe utakayemsomea, nakupigia magoti: usimhurumie, usimwongezee neno. Msomee mpaka mwisho, vile nilivyoandika.