Magunia ya Klabu ya Roki

Rafiki yangu Sekela si mtu wa kuzusha mambo, na haya yalimkuta mchana kweupe pale Iyula.

Alikuwa amefungua klabu ya muziki wa roki ndani ya ghala la kahawa la marehemu babu yake. Ghala halina dirisha, na ukutani tulitundika magunia matupu ili kelele zisitoke. Wapi! Msimu mmoja tu, wazee wakasema tunaamsha wafu. Umeme ukakatwa.

Asubuhi hiyo Boazi, mpiga ngoma wetu, ambaye kabla ya kila wimbo hugonganisha vijiti mara nne, alibeba ngoma zake zote akarudi Tunduma. Mchana Sekela akaenda kuchukua gitaa lake. Alipoingia, upepo ukabamiza mlango. Giza totoro.

Hasira zikampanda. "Kama tunaamsha wafu, basi waamke!"

Akapiga wimbo wetu bila umeme, sauti nyembamba kama ya nyuki. Kwenye ubeti wa pili, ngoma zikaitikia kutoka pembeni, nzito, zikienda naye sawasawa.

"Ukaacha?" nilimuuliza.

"Niache kwa nini? Klabu ni yangu."

Aliupiga mpaka mwisho, ndipo akasukuma mlango kwa mguu. Mwanga ukaingia. Magunia yote yalikuwa yamelala ukutani, isipokuwa moja la pembeni, lililotuna kama mtu kasimama nyuma yake.

Sekela hakukimbia. Akashika gitaa vizuri, akaliuliza lile gunia, "Tuendelee?"

Nyuma ya gunia vijiti vikagongana mara nne.