Kisima Chini ya Mashine ya Tatu

Harufu ya maziwa yaliyoungua ilimpokea Kwandu mlangoni. Katika chumba cha kuongozea mitambo hakukuwa na jiko wala chupa ya chai. Akanusa mikono yake, akanusa feni, kisha akatazama kompyuta, na hapo ndipo alipoona ratiba ikijipanga yenyewe.

Kupanga ratiba ilikuwa kazi yake. Malori ya pamba yalipoingia kutoka Itilima na Maswa, mitambo ilipima unyevu, naye papo hapo akaamua shehena ipi itangulie, ipi isubiri, na mashine gani iipokee. Kiwanda kizima cha kuchambua pamba, pale nje kidogo ya mji wa Bariadi, kilifuata kidole chake. Sasa mashine ya tatu, iliyokuwa imefunguliwa kwa matengenezo, ilipanda taratibu hadi juu ya ratiba bila mtu kugusa kitu.

Kwandu akairudisha chini. Ikapanda tena.

Ukelele ukasikika kutoka ukumbi wa mashine. Alipofika mbio, alimkuta fundi Athanasi amekaa sakafuni, mkono wa ovaroli yake umenyofolewa hadi begani, na mashine inazunguka wazi ikitafuna kitambaa.

"Niliikatia umeme, dada Kwandu," alisema, meno yakigongana. "Niliikatia kwa mkono wangu huu."

Meneja Salvatory aliita wataalamu wa kompyuta kutoka Mwanza. Hawakuona kosa. Wafanyakazi wakaanza kunong'ona, wengine wakaacha kuja, na mwishowe meneja, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, akakubali kwa aibu aletwe mganga Kabula kutoka Migato.

Kabula aliingia jua likiwa kali.

"Mwadila, mayu," Kwandu alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mwanangu." Mganga alivua kandambili, akaizunguka mashine ya tatu, akapiga magoti na kutega sikio kwenye zege. "Mmefukia nini hapa?"

Salvatory aliangalia viatu vyake. "Kulikuwa na kisima cha zamani. Tulikifunika tulipopanua jengo."

"Mmekifunika na mzimu mwenye kisima ndani. Sasa amejifunza kupita kwenye nyaya."

"Tumpe ng'ombe mweupe," meneja alinong'ona. "Hata wawili."

"Ng'ombe alipewa zamani, alipokuwa huru. Leo ana hasira, anataka mtu. Vunjeni sakafu atoke."

"Katikati ya msimu? Haiwezekani, mama."

Ng'ombe akachinjwa. Damu ikamwagwa kwenye zege, ikakauka kabla nzi hawajafika. Ratiba ikatulia, na Salvatory akaanza tena kucheka na watu.

Alasiri moja Athanasi alikuwa amelala nusu mwili ndani ya mashine ya tatu, akifunga rola mpya, pale harufu ile iliporudi nzito, ikimganda Kwandu kooni. Juu kabisa ya ratiba, mahali panapoandikwa aina ya pamba, herufi zilijitokeza moja moja: ATHANASI. Akalifuta jina, likarudi. Akaisogeza mashine chini, ikapanda. Akabonyeza kitufe chekundu cha kusimamisha kila kitu, na kila kitu kikaendelea, na kwenye kipaza sauti cha ukutani, kilichotumika kuwaita madereva, ikatoka sauti ya marehemu mama yake, laini, ya kubembeleza, kama vile alivyokuwa akimwamsha utotoni.

"Mwache, Kwandu. Mmoja tu. Wengine mtafanya kazi kwa amani."

Hasira ikampanda kuliko hofu.

"Mama yangu hakuwahi kuniomba nimtoe mtu kafara," alisema. "Hapa mpangaji ni mimi."

Akafuta ratiba yote, shehena zote, mashine zote, mpaka kioo kikabaki cheupe. Jina lake mwenyewe likajiandika katikati. Hakungoja kulisoma mara mbili. Alitoka mbio, akaning'inia kwenye swichi kuu ya umeme mpaka ikashuka, na kiwanda kizima kikazima, taa, feni, mikanda, vyote, isipokuwa rola za mashine ya tatu, ambazo zilianza kuzunguka bila umeme, polepole, zikimvuta Athanasi kwa ukosi huku yeye akipiga mateke na kuita, na Kwandu akaokota nondo, akaichomeka katikati ya rola kwa nguvu zake zote, akamshika fundi mkanda na kumvuta mpaka wote wawili wakaanguka chali.

Aliinuka na nyundo kubwa mkononi. Akapiga sakafu.

"Kwandu! Nitakufukuza kazi!" Salvatory alipiga kelele.

"Nifukuze nikimaliza."

Athanasi akachukua sururu, damu ikimtiririka shingoni. Wapakiaji wakaja, kisha wafagiaji. Zege likapasuka, na kutoka chini ukavuma mngurumo kama wa kundi la ng'ombe wanaopita kwa pamoja, nyuzi za pamba zikazunguka ukumbini, mabati yakatikisika, upepo ukatoka kupitia mlango mkubwa. Kisha kimya. Harufu ikaisha.

Ndani ya shimo maji yalipanda, safi, ya baridi. Hakuna aliyethubutu kusogea.

Kwandu alivua kofia yake ngumu, akachota, akanywa. Chini kabisa, gizani, kitu kikamwita kwa jina.

Wenzake walirudi nyuma. Yeye akafuta mdomo, akainama tena juu ya shimo.

"Nimekusikia," alisema, akachota mara ya pili, akampa Athanasi. "Kisima tutakiacha wazi. Na maji tutakunywa."