Nilivyomnong'oneza Mkwe Wangu

Wiki nzima maneno ya jirani yangu hayakunitoka kichwani. "Mwenzangu, sitaki ugomvi, lakini binti yako anatishwa na mwanamume kazini. Nimewaona kwa macho yangu, dirishani."

Binti yangu ni muuguzi wa wodi ya watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya siku zao. Humo kila mtu hunong'ona. Nikaenda saa ya kutazama wagonjwa, nikasimama nje ya kioo. Kweli! Kijana mrefu, ovaroli ya buluu, bisibisi mfukoni, amemwinamia sikioni. Nyusi kazikunja, mishipa ya shingo imemsimama. Binti yangu macho yamemtoka. Nikasema, mwanangu leo anapigwa.

Sikujua walivyokutana. Ilikuwa mlangoni pa wodi hiyo hiyo, kina mama wanapishana na mabeseni, naye kabeba mashine ya joto aliyotoka kuitengeneza.

"Pisha dada, mzigo mzito!" alinguruma.

"Shh! Ukiwaamsha, utawabembeleza wewe."

"Wote?"

"Wote kumi na mmoja."

"Basi nifundishe kunong'ona."

Wakapendana hivyo hivyo, kwa kunong'ona. Hata kwenye simu binti alinong'ona, maana ukuta wetu ni mwembamba na masikio yangu ni mapana. Miezi miwili kijana hakuwahi kusikia sauti yake halisi.

Jioni ya siku ile niliyowachungulia, binti yuko bafuni, simu yake ikaita. Jina likatokea: Fundi Wangu. Nikapokea.

"Malaika, umelifikiria lile?"

Nikanong'ona, ili binti asinisikie: "Hapana. Usinipigie tena."

"Mpenzi, nimekosa nini?"

Hapo nikajua kanidhania binti, nami nikamwacha aamini hivyo. Nikakata. Mtu akinong'ona, ile sauti inayomtambulisha hubaki kooni. Hutoka pumzi tupu, na pumzi ya mama na ya mwana ni moja.

Siku tisa binti alisubiri simu, chakula anakichezea tu. Fundi akimwona kwa mbali anageuza njia. Mwisho binti akampigia kwa hasira, kwa sauti yake kamili, nene kama ya marehemu baba yake.

"Wewe, mbona unanikwepa?"

Kijana alikuwa ameshaifuta namba. "Samahani mama, umekosea namba."

"Mama? Nani mama yako?"

Simu ikakatwa. Akaja jikoni analia. "Mama, anasema hanijui!"

Nikakaa, nikamweleza yote. Akazidi kulia, nikatamani anitukane.

"Vaa viatu," nikamwambia.

Alivaa gauni lake la njano. Tukaenda karakana ya nyuma ya hospitali, jenereta inanguruma. Fundi alipotuona akachezesha midomo tu, kwa mazoea ya wodini.

"Sema kwa sauti!" binti akapaza. "Hapa hajalala mtoto!"

Bisibisi ikamdondoka. "Kumbe sauti yako ndiyo hii? Mungu wangu, nimekuita mama!"

"Mama mwenyewe huyu hapa. Ndiye aliyepokea simu yangu akakufukuza."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe. Uso wako ulinitisha siku ile, nikiwa nje ya kioo cha wodi."

Akacheka. "Mama, koo langu ni la kelele. Nikilibana, uso wote unajikunja. Siku ile nilikuwa namwambia nataka kumwoa."

"Ndiyo maana macho yalimtoka?"

"Ndiyo maana. Kabla hajajibu, mtoto mmoja akaanza kulia."

"Basi rudia," binti akasema. "Na uso ukunjue."

Akarudia kwa sauti kubwa, uso laini kama shuka iliyopigwa pasi.

"Nimekubali, kichwa ngumu wewe!"

Sasa wana mwaka katika ndoa, nami naitwa bibi mtarajiwa. Lakini mama mwenzangu, wewe mwenye binti, epuka haya:

Kumhukumu mtu kwa uso wake akiwa ananong'ona.
Kusimama nyuma ya kioo ukatunga maneno usiyoyasikia.
Kubeba habari ya jirani mpaka ikuharibie usingizi.
Kupokea simu isiyo yako.
Kuwa na masikio makubwa, mpaka mwanao aogope kusema kwa sauti ndani ya nyumba yake.