Buluu ya Hidoyat

Asubuhi hiyo birika la udongo lilikuwa na joto kabla halijatiwa maji. Hidoyat alilishusha rafuni, alikoliweka jana yake likiwa tupu, na kiganja chake kikahisi joto kama la paji la mtoto mwenye homa. Akalinusa. Lilitoa harufu ya moshi wa vile vichaka vya chumvi vinavyochomwa nyikani, ambavyo majivu yake huchanganywa na mchanga mweupe kupata buluu inayowapa kiburi watu wa Rishton, mji wa wafinyanzi. Harufu hiyo hukaa tanurini, haiingii jikoni. Alikuwa na hasira nyingi mno kuweza kuliogopa birika.

Na hasira yenyewe ilikuwa ya haki, nani atabisha? Marehemu baba yao, Fundi Hoshim, alimfundisha Hidoyat siri ya majivu kwa sababu Ilyos, mwanawe wa kiume, alikuwa Urusi akipiga plasta. Miaka kumi na moja mwanamke huyu alivuta ule moshi mpaka kifua kikawa kinapiga mluzi. Mzee alipozikwa, Ilyos akarudi na sanduku lake, akaketi kwenye gurudumu la kufinyangia la baba, na dada mtu akapelekwa uani kutwanga majivu. Mgeni njoo mwenyeji apone, husemwa. Huyu alikuja, mwenyeji akaugua.

Jana yake walikuja watu wa maonyesho kutoka Tashkent. Ilyos aliwaambia, Hidoyat akiwa amesimama palepale na mikate mkononi, kwamba buluu ile ameivumbua yeye. Mgeni mmoja akauliza mama huyu ni nani.

"Dada yangu," Ilyos alijibu. "Ananisaidia kusaga."

Basi asubuhi hii Hidoyat alitia majani na maji ya moto, akamimina kibakuli kimoja na kuirudisha chai birikani, mara tatu, kama desturi. Akamimina cha wifi yake, Saltanat: chai safi ya kijani. Akamimina chake: safi. Cha Ilyos kilitoka cha kijivu, naye akakipiga funda kabla hajatazama. Akakohoa, akatema kitu kama unga mkavu. Alipotaka kumkaripia dada yake, sauti ilitoka imepasuka.

Tangu hapo kila aliposema "buluu yangu" sauti ilipungua. Siku ya tatu alibaki na mnong'ono. Saltanat alilibeba birika mpaka kwenye mfereji akalitupa, akarudi na kulikuta rafuni, kavu, lina joto. Akalitupa tena, safari hii akalipondaponda kwanza kwa jiwe na kutawanya vigae majini, na aliporudi mbio, viatu mkononi, aliisikia harufu ya moshi tangu kwenye lango, ikamtangulia barazani, ikamtangulia jikoni, na birika lilikuwa pale rafuni, halina hata ufa, na ndani yake, mle ndani msimokuwa na maji wala majani, kitu kilikuwa kinavuta pumzi taratibu, kikizitoa, kikizivuta tena, kama mtu anayejifunza kusema.

Wakamwita Mama Tojihon, mganga wa dufu. Alipiga dufu lake mchana kutwa huku sikio ameliinamishia birika, kisha akawatoa wote nje isipokuwa Hidoyat.

"Ni jini wa tanuri," alinong'ona. "Hawa hawatoki kwao bure. Hutoka wakilishwa, na chakula chao ni hasira. Nani anamlisha, mwanangu?"

Hidoyat alitazama mikono yake iliyobabuka kwa majivu. "Mimi."

"Anataka nini?"

"Ninachotaka mimi. Jina langu lisomwe."

Kule Rishton tanuri haliwashwi mpaka mkuu wa karakana asome majina ya mafundi, kuanzia wa kale hadi aliye hai anayeishika kazi. Wanaume wa mtaa hufumba macho na kuinua viganja, na jina la mwisho likitamkwa wote huitikia Amin na kujipangusa uso. Jina lililoitikiwa Amin halifutwi na mtu. Mara tatu sasa jina hilo la mwisho lilikuwa Ilyos.

Mganga akamweleza Ilyos kwamba safari hii alisome jina la dada yake, naye akakubali kwa kichwa. Angekubali chochote, maskini, sauti ilikuwa imebaki uzi.

Siku ya kuwasha, mabirika mapya yakapangwa tanurini, na lile lenye joto likawekwa katikati yao. Wanaume wakaja, wakafumba macho. Ilyos akaanza kwa mnong'ono, na kwa kila jina alilosoma sauti ilimrudia, jina kwa jina, mpaka alipofika kwa Hoshim ilikuwa nzito na safi kama zamani, na Hidoyat aliyesimama nyuma ya mganga akaona mabega ya nduguye yakipanuka, akaona jicho lake likiwapima wale wanaume, akajua, kabla Ilyos hajafungua kinywa, kwamba amekwisha kubadili nia.

"Na wa mwisho," Ilyos alisema, "ni mimi—"

Hapo kinywa kilibaki wazi, kikatoa vumbi. Lakini sauti yake haikukatika. Ilitoka mdomoni mwa tanuri, ileile, nzito, bila kutetemeka:

"—ninayemtaja: Hidoyat, binti Hoshim."

"Amin," wanaume waliitikia, wakajipangusa uso. Walipofumbua macho hawakujua kwa nini Fundi Ilyos amepiga magoti, ameshika koo.

Mganga alimvuta Hidoyat pembeni.

"Umelipata. Basi mwambie jini aondoke, nduguyo arudishiwe sauti. Atakusikiliza wewe tu."

Ilyos aliukamata upindo wa gauni la dada yake. Midomo ilikuwa inaunda neno, dada, dada, bila mlio. Hidoyat alijitafutia huruma kifuani, akakuta ule mluzi tu.

"Aondoke aende wapi, mama?" alisema. "Hapa ni kwake."

Akaunasua upindo wake, akachukua kiberiti. Kuwasha tanuri ni kazi ya fundi mkuu.